Mkono mmoja na nusu ya upanga

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nilipokuwa mdogo nilitazama kwenye kibanda cha video filamu ya zamani ya Kichina ambayo stelingi anakatwa mkono na binti wa mwalimu wake. Juzi nimeipata tena, nimeitazama mara tatu. Wanafunzi wa yule mwalimu wana mikono miwili na panga nzuri, lakini wanauawa mmoja mmoja kwa kile kifaa cha kubana upanga. Huyu mwenye mkono mmoja, tena wa kushoto, tena na upanga uliovunjika, anawashinda maadui wote. Kuna mantiki hapo, au ni kwa sababu tu stelingi hafi? Na akishashinda, kwa nini anaiacha ile nyumba aliyoipigania na kwenda kulima?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, na mara nyingi watu huyatenga: la kwanza hupelekwa kwa walimu wa kung fu, la pili kwa wachambuzi wa filamu. Mimi naona jibu lake ni moja, ila inabidi tulifuate taratibu.

Filamu yenyewe ni Dubei Dao, yaani Upanga wa Mkono Mmoja, iliyotoka Hong Kong mwaka 1967 katika studio ya Shaw Brothers. Nje ya China wengi wanaijua kama The One-Armed Swordsman. Mwongozaji ni Chang Cheh, ambaye aliandika hadithi pamoja na Ni Kuang. Stelingi ni Jimmy Wang Yu, anayecheza kama Fang Gang, na yule msichana wa kijijini, Xiaoman, ni Chiao Chiao. Mwalimu Qi Rufeng ni Tien Feng. Mapigano yalipangwa na watu wawili, Tang Chia na Lau Kar-leung, na huyu Lau naomba umkumbuke, nitamrudia.

Tuanze na neno dao lililo kwenye jina. Wachina wana aina mbili kuu za upanga. Jian umenyooka, una makali pande zote mbili, ni mwepesi, na kwa desturi ndio upanga wa wasomi na mabwana. Dao una makali upande mmoja, upande wa pili una mgongo mnene ulio butu, na mara nyingi umepinda kidogo. Ni jamaa wa kile ambacho mashairi yetu ya kale hukiita kitara. Ni silaha ya askari na ya mtu wa kawaida. Walimu wa kule husema dao ni simbamarara mkali na jian ni ndege mtukufu angani. Kwa hiyo Fang Gang, mtoto wa mtumishi, ana silaha inayomfaa tangu mwanzo. Baba yake alikufa nayo mkononi akimtetea Qi usiku ule wa kuvamiwa. Upanga ukavunjika, baba akafa, na kwa shukrani Qi akamchukua mtoto na kumfundisha. Kile kipande kilichobaki ndicho urithi wa Fang Gang. Alikuwa nacho hata usiku ule wa theluji alipoamua kuondoka kimya kimya ili asimletee mwalimu wake matatizo na wale wanafunzi wa kitajiri waliokuwa wakimdharau.

Sasa kibano. Nadhani mara ya kwanza ulikiona kama ujanja wa sinema tu. Tazama kinavyofanya kazi. Mwanafunzi wa Qi anapiga kwa upanga wake wa dhahabu, mpana na mrefu. Adui hakimbii wala hakwepi. Anaupokea upanga kwa kibano, unafungwa. Kwa mkono wa pili adui ana kisu kifupi. Mwanafunzi anavuta upanga wake, na wakati anavuta, kisu kimeshaingia.

Hapo ndipo pana mauti. Kuzuiwa kwa upanga peke yake hakuui mtu. Mwanafunzi yeyote wa silaha hufundishwa tangu siku ya kwanza asiachie mpini, na mtu aliyezoezwa miaka kumi hivyo hawezi kuachia hata pale ambapo kuachia ndiko kungemwokoa. Kibano kinategemea utii huo. Kinategemea pia kwamba panga zote za nyumba ya Qi ni za aina moja, na kwamba wanafunzi wote hupiga kwa namna moja, kwa kuwa mwalimu wao ni mmoja. Adui mkubwa, yule Shetani wa Mikono Mirefu, aliwahi kushindwa na Qi miaka mingi nyuma. Tangu siku hiyo hakufanya kazi ya kutafuta upanga bora kuliko wa Qi. Alisoma mtindo wa Qi, kisha akatengeneza kifaa cha mtindo huo mmoja, kama fundi anayechonga ufunguo wa kitasa kimoja tu.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba ubora wa wanafunzi wale ndio uliowaua. Aliyejifunza vizuri zaidi ndiye aliyetoshea vizuri zaidi ndani ya kibano.

Sasa anakuja mtu ambaye upanga wake umekatika nusu. Kibano kilipimwa kwa upanga mzima, kwa umbali ule ambao mtu wa mkono wa kulia husimama anapopiga. Kwa Fang Gang vipimo vyote vimebadilika. Kilichopo cha kubanwa ni kidogo. Umbali ni mwingine, kwa sababu mwenye upanga mfupi hawezi kupiga akiwa mbali; lazima aingie ndani, karibu na kifua cha mwenzake. Na pigo linatoka upande ambao adui hakuuzoea. Wachina wana msemo wa kale wa silaha: kirefu zaidi kwa inchi moja, nguvu zaidi kwa inchi moja, kifupi zaidi kwa inchi moja, hatari zaidi kwa inchi moja. Watu wengi huukumbuka upande wa kwanza. Upande wa pili ndio filamu hii. Hatari inayosemwa pale ni ya wote wawili: mwenye silaha fupi yuko hatarini kwa sababu lazima asogee, na akishasogea, mwenye silaha ndefu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa urefu wake sasa haumsaidii kitu. Na kile kisu kifupi cha adui, kilichokuwa siri yake, kinakutana na kifupi mwenzake.

Kwa hiyo mantiki ipo, ndugu yangu, na naiona imejengwa kwa uangalifu kuliko filamu nyingi za aina yake. Lakini kuna jambo la pili ambalo halionekani mpaka mtu ashike dao mwenyewe.

Walimu wa China wana msemo mwingine: upanga mmoja, tazama mkono, panga mbili, tazama mwendo. Mkono unaosemwa hapo ni ule usio na kitu. Mwalimu akitaka kujua kama mwanafunzi anajua dao, hautazami upanga unaopita hewani. Anatazama mkono mtupu unafanya nini. Kama unaning'inia kama kamba, mwanafunzi bado. Mkono mtupu ndio mizani: upanga ukienda mbele, unarudi nyuma, upanga ukizunguka kichwa, unafunguka upande wa pili. Mara nyingine unashika kifundo cha mkono wenye upanga au unasukuma mgongo butu wa dao kuongeza uzito wa pigo.

Sasa fikiria msiba wa Fang Gang kwa macho ya mwalimu kama huyo. Mkono uliokatwa ni wa kulia, wa upanga. Wa kushoto, uliokuwa mizani, umelazimika kushika upanga. Mkono wa kutazamwa haupo tena. Ile sehemu inayomtambulisha bingwa ndiyo iliyoanguka kwenye theluji.

Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu jambo hili kwa mwili wangu. Nilijifunga mkono wa kulia kiunoni kwa mshipi, nikashika dao la mazoezi kwa mkono wa kushoto, kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Nilidhani tatizo litakuwa nguvu. Nguvu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kugeuka. Kila nilipozungusha upanga, ulinivuta nao, na mguu wangu wa nyuma ukapiga hatua ambayo sikuiamuru. Siku ya tatu nilijigonga bega ukutani. Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba lazima nishuke chini: magoti yakunjike, kiuno kigeuke kabla ya upanga, na pigo liwe fupi kwa sababu pigo refu halina cha kulirudisha. Kisha nikagundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza. Kuna zoezi la msingi la dao ambapo upanga huzungushwa kichwani, mgongo wake butu ukipita karibu kabisa na mabega. Wanaoanza hujikata mkono wa nguo katika zoezi hilo kwa sababu mkono mtupu umesahau kupisha. Mimi sikuwa na mkono wa kupisha. Upanga ulipita karibu na mwili kuliko ulivyowahi kupita, na ulitoka upande wa pili mapema kuliko nilivyotarajia.

Simaanishi kwamba mtu wa mkono mmoja humshinda wa mikono miwili. Ninachosema ni kwamba anapigana mchezo mwingine: wa chini, wa karibu, wa mapigo mafupi, wa kiuno na miguu. Mchezo huo na nusu ya upanga vinaelewana. Ungempa Fang Gang upanga mzima wa dhahabu mkononi mwa kushoto, ungemvuta kama ulivyonivuta mimi, na kibano kingeupata.

Nilikuomba umkumbuke Lau Kar-leung. Baba yake, Lau Cham, alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule mwalimu wa Guangdong aliyeigizwa kwenye filamu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote wa kung fu. Kwa hiyo mmoja wa wapangaji wa mapigano haya alirithi sanaa hiyo kwa ukoo wa kweli wa walimu. Wang Yu yeye hakuwa mtoto wa shule ya upanga. Alikuwa muogeleaji wa mashindano na mchezaji wa polo ya majini, na ukimtazama unaliona hilo kifuani na begani. Hana ulaini wa watu waliokulia kwenye opera ya Kichina. Anapiga kwa ghafla, kwa hasira iliyobanwa, kisha anasimama tuli. Kwa uhusika mwingine hilo lingekuwa pungufu. Kwa mtu aliyefungwa mkono mmoja ndani ya nguo, na ambaye hadithi inamtaka awe na maumivu asiyoyasema, naona hakuna aliyemfaa zaidi.

Sasa tupande ngazi moja. Upanga umebaki nusu. Mwili wa Fang Gang umepungua. Na kitabu je? Kitabu cha mbinu anachopewa na Xiaoman ni cha marehemu baba yake, naye pia alikuwa mtu wa upanga, na kilinusurika motoni kikiwa kimeungua. Kurasa zilizobaki ndizo zinazofundisha mkono wa kushoto. Wapo wanaocheka hapo, wanasema ni bahati ya kupita kiasi. Mimi sicheki. Tazama nani anampa nani nini. Yeye ana upanga uliovunjika wa baba aliyekufa kwa ajili ya upanga. Msichana ana kitabu kilichoungua cha baba aliyekufa kwa ajili ya upanga. Wote wawili ni yatima wa ulimwengu mmoja. Xiaoman anauchukia ulimwengu huo na ana haki ya kuuchukia, lakini anapoona mwanamume huyu anaonewa na wahuni na hawezi kujitetea, anakwenda kukitoa kile kitabu. Hampi ili akalipize kisasi. Anampa ili aweze kusimama kama mtu.

Ulimwengu huo Wachina wanauita jianghu, maana yake ya neno kwa neno ni mito na maziwa. Ni ulimwengu wa wapiga panga, walinzi wa misafara, wahuni na mashujaa, wenye sheria zao nje ya sheria za serikali. Sheria kubwa ya jianghu ni deni. Ukitendewa wema, una deni. Ukiumizwa, unadaiwa. Na madeni haya yanarithiwa, mtoto analipa ya baba.

Hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Fanya hesabu ya Fang Gang. Baba yake alikufa akimwokoa Qi: Qi anadaiwa. Qi akamlea na kumfundisha mtoto: sasa mtoto anadaiwa, tena deni zito, kwa sababu Wachina husema mwalimu wa siku moja ni baba wa maisha. Binti ya Qi, Pei, akamkata mkono. Nalo si jeraha tu. Katika kitabu cha kale cha Kichina kuhusu heshima kwa wazazi imeandikwa kwamba mwili, nywele na ngozi tumevipokea kutoka kwa wazazi, na kutothubutu kuviharibu ndio mwanzo wa kuwaheshimu. Kumkata mtu mkono ni kumgusa na baba yake kaburini. Kwa hiyo sasa nyumba ya Qi inadaiwa tena na Fang Gang. Lakini Fang Gang hakudai. Aliondoka kimya akavua samaki.

Kisha anasikia kwamba mwalimu anakaribia kuuawa kwa kibano siku ya sherehe yake ya kuzaliwa. Kwa sheria ya jianghu angeweza kukaa nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Mkono wake ungetosha kuwa jibu. Anakwenda. Anamwahidi Xiaoman kwamba hii ni mara ya mwisho, anakwenda, anaua, anamwokoa mwalimu. Wahenga wetu wanasema dawa ya deni ni kulipa, na pale amelipa. Amelipa deni la kulelewa, na hakulidai la mkono. Kwa mara ya kwanza tangu usiku ule baba yake alipokufa, hakuna anayemdai, wala yeye hamdai mtu.

Sasa mwambie mtu huyo abaki kwenye nyumba ya Qi. Akibaki, atakuwa na upanga wa dhahabu, na wanafunzi watakaopiga wote kwa namna moja, na siku moja mtu aliyeshindwa ataketi gizani achonge kibano kipya. Madeni yanaanza upya. Alichojifunza Fang Gang kwa upanga ndicho anachokifuata kwa maisha yake: kilicho kizima, kirefu na chenye sifa ndicho kinachotafutiwa kifaa. Kilicho kifupi kinapita. Anakwenda kulima na Xiaoman.

Ndiyo maana nilikuambia maswali yako ni moja. Njia aliyoshindia ndiyo njia aliyoondokea.

Nikiri jambo moja ninaloliona kuwa udhaifu, maana nisingependa uitazame mara ya nne ukiamini kila kitu kimekaa sawa. Pei, binti ya mwalimu, hakutendewa haki na waandishi. Tunaonyeshwa kwamba anampenda Fang Gang na hajui kulisema, na kwamba amelelewa bila kuambiwa hapana. Hilo lingeweza kumfanya mhusika wa kusikitisha sana. Badala yake tendo lake linakuja kama radi, na baada ya hapo yupo tu ili aokolewe. Chang Cheh alikuwa na nia iliyo wazi katika jambo hili. Alitaka filamu za ushujaa wa kiume, alichokiita yanggang, kwa sababu aliona sinema ya Hong Kong imejaa waigizaji wa kike huku wanaume wakiwa wapole wa pembeni. Mwaka mmoja kabla, 1966, studio hiyo hiyo ilikuwa imetoa filamu kubwa ya upanga ya King Hu ambayo shujaa wake ni mwanamke, Cheng Pei-pei, na ni filamu nzuri mno. Chang Cheh alitaka kuusukuma mlango upande wa pili, na aliusukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Xiaoman anaokoka kwa sababu Chiao Chiao anamwigiza kwa utulivu. Pei hakupata bahati hiyo.

Wasomaji wa hadithi za upanga watauliza pia kuhusu Jin Yong. Ni kweli kwamba katika riwaya yake iliyochapishwa gazetini kuanzia mwaka 1959, shujaa Yang Guo anakatwa mkono wa kulia na binti mwenye hasira wa mtu aliyemlea. Kufanana kuko wazi. Lakini nusu ya upanga, kitabu kilichoungua na kibano havimo kule, na bila vitu hivyo vitatu filamu hii isingekuwa na mfupa.

Ilipotoka, Hong Kong yenyewe ilikuwa inawaka. Mgogoro wa wafanyakazi wa kiwanda cha maua ya plastiki ulianza Mei 1967, ukageuka kuwa miezi ya ghasia na mabomu dhidi ya serikali ya kikoloni ya Uingereza. Katikati ya hayo filamu hii ikawa ya kwanza ya Hong Kong kuingiza zaidi ya dola milioni moja za Hong Kong katika kumbi za huko, na Chang Cheh akaitwa mwongozaji wa milioni. Napenda kufikiri kwamba vijana waliokuwa wakitoka mitaani na kuingia ukumbini waliona kitu wanachokijua: mtoto wa mtumishi, aliyedharauliwa na wenye mali, ambaye hasira yake haina pa kwenda.

Kuhusu zilizofuata sitakuchosha. Mwaka 1969 Wang Yu na Chang Cheh walimrudisha Fang Gang, na utamkuta akiwa mkulima kama alivyoahidi, mpaka wapiga panga wanane waje kuusumbua ulimwengu mzima na watu wamfuate shambani kumwomba msaada. Mapigano ni mengi zaidi, moyo ni mdogo zaidi. Mwaka 1971 Chang Cheh akaanza upya na kijana mwingine, David Chiang, na mhusika mwingine anayejikata mkono mwenyewe baada ya kushindwa. Huyo anatafuta jibu la fimbo ya vipande vitatu kwa kurusha panga tatu hewani na mkono mmoja, na nakusihi uitafute kwa ajili ya hilo tu. Mwaka huo huo Wang Yu, aliyekuwa ameiacha Shaw Brothers, alikutana katika filamu na Zatoichi, yule kipofu wa Kijapani mwenye upanga ndani ya fimbo. Na mwaka 1995 Tsui Hark aliisimulia upya hadithi ya mwanzo kwa namna ya kutisha na ya kupendeza, ikiwa na upanga wa baba uliovunjika na kitabu kilichoungua. Kama ulikulia vibandani kama mimi, ambako mtafsiri alikuwa akizijaza filamu zote maneno yake mwenyewe, inawezekana umezichanganya kichwani. Wala si kosa lako, kanda zilikuja bila majalada.

Ukiitazama mara ya nne, fanya hivi. Acha mapigano ya mwisho kwa sasa. Nenda pale Fang Gang anapoanza kujifunza peke yake kwa kile kitabu, na usitazame upanga. Tazama miguu. Mwanzoni utaona mtu anayesukumwa na silaha yake mwenyewe. Endelea mpaka pale kiuno kinapotangulia na upanga ukafuata. Halafu rudi mwanzo kabisa wa filamu, kwenye theluji ile ya studio, dakika chache kabla ya mkono kukatwa, akiwa bado mzima na mwenye mikono miwili, umtazame tena anavyosimama. Utaona amesimama wima mno.